Mzazi asione haya kugeuka gatini

Kila mwaka, tangu Novemba hadi Machi, wakati wa pepo za kaskazi, barabara kuu itokayo Mombasa hutuletea hapa Marungu wageni wa namna ya pekee. Huja kwa misururu ya magari madogo yenye paa la kufunguka, yaliyoondoka bandarini Kilindini alfajiri. Mengine hukata kulia katika lango la Bachuma, mengine hutupita yakaenda kuingilia lango la Voi. Hao si watalii waliolala hotelini. Ni abiria wa meli za kitalii, ambao usiku uliotangulia walikuwa bado baharini, na ambao jioni hiyo hiyo sharti wawe wamerudi melini, kwani nahodha hamngoji mtu aliyecheleweshwa na tembo. Huitazama Tsavo kwa saa chache, wakanunua kinyago kimoja au viwili, wakaenda zao.

Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya barabara hiyo pamoja na kitindamimba wangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 6, tukingoja matatu ya kwenda Voi. Nilimweleza kwamba wageni wale, pamoja na watoto wao na hata nyanya zao, wanaishi katika nyumba inayoelea, yenye vitanda, jiko na bwawa la kuogelea, na kwamba nyumba hiyo huwapeleka nchi hadi nchi wakiwa wamelala. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Baba, wao wanakuja kuona tembo wetu. Sisi tutakwenda lini kuona bahari yao?"

Bahari yao! Mtoto aliyezaliwa mahali pasipotimia kilomita 150 kutoka Bahari ya Hindi anaihesabu kuwa mali ya watu wa Ulaya. Sikuwa na la kumjibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipovuka Likoni kwa mara ya kwanza. Bomba la maji ya Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, hupita katika nchi yetu hii kame likielekea Mombasa. Maji yetu yanafika pwani kila siku. Watoto wetu hawafiki.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba mtu ambaye tembo wamekwisha kumvunjia tangi la maji na kumlia mahindi hana haki ya kuzungumzia matembezi ya baharini. Nitaambiwa kwamba karo kwanza, starehe baadaye. Hoja hizo nazipokea kwa heshima, kwani nimeishi nazo. Hata hivyo, tunatumia fedha nyingi kwa arusi na matanga, tukikodi mabasi mazima, wala hatuulizani faida yake ni nini. Jamaa ambayo imesafiri pamoja kwa siku nne, ikalala chumba kimoja na kutapika katika ndoo moja, hujuana kwa namna ambayo miaka kumi ya kuishi nyumba moja haiwezi kuleta. Sisi tuliweka akiba kwa miezi 14, tukiitia katika chama cha mama watoto ili mikono yangu isiifikie.

Lakini leo sikuchukua kalamu kwa ajili ya kuisifu bahari. Nimeichukua kwa sababu ya kosa nililolitenda katika safari yetu ya kwanza, kosa ambalo naamini hutendwa na wazazi wengi, na ambalo lilikuwa karibu kunigharimu watoto wangu watatu kwa siku moja.

Tulikwenda Agosti, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Hilo lenyewe lilikuwa kosa la kwanza, ijapokuwa dogo. Sisi watu wa bara kidogo tunajua majira ya mvua; majira ya pepo hatuyajui. Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo hutoka kusini kwa nguvu, bahari huchafuka, hasa nje ya miamba, na hali huwa mbaya zaidi mchana kuliko asubuhi. Mwalimu wa jiografia yeyote angeniambia hayo kama ningemwuliza. Idara ya hali ya hewa, isitoshe, hutoa ilani za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ajili ya pwani, lakini nani huku kwetu husikiliza ilani ya mawimbi?

Tulipanda gari-moshi la kila kituo hapo Miasenyi, tukashuka Mombasa, tukavuka Likoni kwa miguu pamoja na umati wa watu, nasi tukashika njia ya kusini. Tulikuwa watu sita: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mama yangu mzazi, ambaye hajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa kwake. Nilikuwa nimetuma kwa simu shilingi 6,000, malipo ya awali ya mashua ya kututembeza kutwa nzima, kwenda kuwatazama pomboo na kuogelea karibu na miamba. Gati ile sitaitaja, wala mwenye mashua sitamtaja, kwa sababu nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa mwovu kuliko wengine, na tena lawama kubwa ni yangu.

Tulipofika tulikuta mashua ya mtambo mmoja. Nilikuwa nimeambiwa kwamba tutakuwa watu 12. Nikahesabu vichwa: tulikuwa 21 bila mabaharia. Nikauliza habari za majaketi ya uokozi. Baharia mmoja akainua turubai akanionyesha rundo la majaketi yaliyolowa, mengine yakiwa yamekatika kamba. Nilihesabu 11. Hakuna hata moja lililomfaa mtoto wa miaka 6. Tulipomvika mwanangu, jaketi lilimfika magotini na kichwa chake kikazama ndani kama cha kobe.

Mama yangu alitazama haya yote akiwa amesimama mchangani, viatu mkononi. Kisha akasema kwa utulivu, "Mwanangu, mimi siingii humo." Nilimsihi. Nilimwambia kwamba watu hawa wanaijua bahari, kazi yao ni hii. Akanijibu kwamba hata dereva wa matatu kazi yake ni hiyo. Akaketi chini ya mkoko akatandika leso yake.

Na mimi, ndugu msomaji, nikaingia. Niliingia pamoja na mke wangu na watoto wangu watatu, huku macho yangu yameona kila kitu ambacho mama ameona. Kwa nini? Nimejiuliza swali hili usiku mwingi. Si kwamba nilimwamini nahodha. Si kwamba sikuogopa. Niliingia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipa. Nilizihesabu zile shilingi 6,000, nikaongeza nauli ya gari-moshi, nikaongeza miezi 14 ya kunywa chai bila maziwa, nikaona kwamba haiwezekani fedha hizo zipotee bure. Aidha, niliwaonea haya abiria wenzangu, ambao walikuwa wameketi kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake aone nani atakuwa wa kwanza kulalamika.

Tulikwenda salama. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Saa tisa mchana upepo ulikuwa umekwisha kuvuma kwa ukali, mawimbi yakawa yanatujia ubavuni, na mtambo ukazimika. Kwa muda wa karibu nusu saa tuliyumba bila mwelekeo, mabaharia wakivuta kamba ya mtambo, mimi na mwanamume mwingine tukifua maji kwa dumu lililokatwa. Binti yangu wa kwanza, ambaye ana tabia ya kusema sana, hakusema neno. Mke wangu alikuwa amemfunga kitindamimba kifuani kwake kwa kanga. Na mpaka leo hatujakubaliana kama jambo hilo lingemwokoa mtoto au lingewazamisha wote wawili. Mtambo uliwaka tena. Tulipofika ufuoni mama yangu alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, naye hakuniamkia mpaka kesho yake.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za ajali za vyombo vya majini katika Afrika Mashariki kwa jicho jingine. Zamani nilikuwa nikizisoma nikitafuta kosa la nahodha, au la serikali. Siku hizi namtafuta baba mmoja aliyesimama gatini akahesabu watu, akajua, kisha akapanda.

Naye yumo katika kila habari. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka hatua chache kutoka ukingoni, na watu 272 wakafa. Kilikuwa cha kubeba watu 300, lakini waliokuwamo walikuwa wapata 400. Hao walikuwa wakiwahi kazini. Nani angerudi nyuma asubuhi ile akamweleze mwajiri wake kwamba kivuko kilijaa? Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 waliangamia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa, na ndiyo maana hesabu kamili haitajulikana milele. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere iliyostahili kubeba watu 101 ilipinduka ikikaribia Ukara, ikaua zaidi ya 220.

Lakini habari inayonishika zaidi ni ya MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Miili 203 ilipatikana. Tume ya uchunguzi ikakadiria kwamba waliokufa walikuwa zaidi ya 1,500. Iliripotiwa siku zile kwamba baadhi ya watu walifika bandarini wakiwa na nia ya kusafiri, wakaiona meli jinsi ilivyojaa, wakakataa kupanda. Kwa muda mrefu nimewafikiria watu hao. Usiku ule, wakati meli inang'oa nanga, bila shaka walionekana wajinga. Pengine waliwahi kuchekwa. Pengine mtoto wa mmoja wao alilia kwa kuachwa na chombo.

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuvunja hakina rubani. Mimi, kwa adabu zote, methali hiyo siipokei katika jambo hili. Vyombo hivi vyote nilivyovitaja vilikuwa na marubani, tena vilikuwa na mamia ya abiria wenye macho na akili. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye kusema "sishiki safari", halafu wa pili, halafu wa kumi. Serikali ina wajibu wake, nami nitaufikia. Lakini ukaguzi wa mwisho wa chombo hufanywa na mzazi, hatua tatu kabla ya ubao wa kupandia, na mzazi huyo huwa na fedha alizokwisha lipa zikimsukuma mgongoni.

Nina mpwa wangu ambaye ni mhudumu wa chumba cha kulia katika mojawapo ya zile meli kubwa za kitalii. Nilipomsimulia mkasa wetu hakunionea huruma; alinieleza desturi ya kwao. Anasema kwamba kabla meli haijaondoka, kila abiria, awe mzee wa fimbo au mtoto mchanga, hupaswa kujua kituo chake cha kukutania wakati wa hatari, na kuonyeshwa jinsi jaketi linavyovaliwa. Watoto hupewa majaketi ya kimo chao. Hakuna anayesamehewa kwa kuwa amelipa chumba cha bei ghali. Hata wao walijifunza kwa msiba: meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba katika pwani ya Italia, tarehe 13 Januari 2012, ilikuwa na watu zaidi ya 4,200, na baadhi ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo hawakuwa wamefanya zoezi hilo. Watu 32 walikufa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilikazwa, zoezi lifanyike kabla ya safari au mara tu inapoanza.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba sisi hatuna meli za namna hiyo. Akanijibu kwamba zoezi lenyewe halihitaji meli; linahitaji dakika kumi na baba asiyeona haya.

Basi Desemba ya mwaka uliofuata tulisafiri tena, safari hii kwenda Zanzibar. Mama yangu ndiye aliyeshikilia twende, jambo lililonistaajabisha. Alisema kwamba bahari hakuiogopa hata kidogo. Aliyemwogopa ni mimi.

Desemba ni kaskazi, na tofauti tuliiona. Tulipita Lunga Lunga na Horohoro kwa basi, tukalala Tanga, tukaenda Dar es Salaam, na kutoka hapo tukapanda boti iendayo kasi, ambayo hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Anayetaka kufuata njia hiyo na ajue kwamba pasipoti za watoto hazipatikani kwa siku moja, na kwamba kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani wakati ambapo huikumbuki umeiweka mkoba gani. Sisi tuliifunga pamoja na pasipoti kwa mpira, tukampa mama azitunze katika mkoba wake, maana hakuna mwizi wala afisa aliyepata kumnyang'anya kitu mama yangu.

Jaketi la kitindamimba tulilinunua wenyewe Mombasa, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani akianguka majini. Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa kila mwenye mtoto mdogo, hata kama hatausikia mwingine wowote. Majaketi ya watu wazima hupatikana katika vyombo vingi. Ya watoto ni bahati. Bei yake ni ndogo kuliko ya viatu vya Krismasi, na linakunjika likaingia mkobani. Tulimzoeza kulivaa nyumbani, hapa hapa Marungu, akakimbia nalo uani akiwafukuza kuku, mpaka likawa nguo kama nguo nyingine. Mtoto anayevikwa jaketi kwa mara ya kwanza wakati wa hofu hulikataa.

Aidha, tuligawana watoto. Kila mtu mzima alikuwa na mtoto wake wa kumshika, bila kubadilishana mpaka tufike nchi kavu, kwa sababu mtoto anayeangaliwa na wote haangaliwi na yeyote. Tulipoketi tulitazama milango ya kutokea, tukaihesabu safu za viti toka tulipo mpaka mlangoni, ili hata gizani mkono ujue njia. Abiria mmoja alitucheka. Mama yangu akamwuliza yeye mlango wake uko wapi, akanyamaza.

Kuhusu kichefuchefu, nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anayo dawa yake. Sisi tuliketi katikati ya chombo, sehemu ya chini, ambako myumbo ni mdogo kuliko mbele na juu. Tulikula mkate mkavu na chai ya tangawizi saa mbili kabla, wala si viazi vya kukaanga kama walivyofanya jirani zetu. Anayejisikia vibaya na atoke nje atazame mahali ambapo mbingu inakutana na bahari; anayeinamia simu atatapika tu. Tembe za kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Ukingoja mpaka tumbo lianze, umechelewa. Binti yangu wa kwanza alitapika pamoja na hayo yote, akajivunia.

Zanzibar sitaieleza, kwa maana wameieleza waliobobea kuniliko. Nitaeleza siku moja tu.

Siku ya tatu tulipanga kwenda kisiwani, mwendo mfupi, kwa mashua ya kukodi. Nilikuwa nimelipa nusu ya fedha jana yake kwa mtu ambaye, narudia, sitamtaja wala mahali pake. Asubuhi tulifika ufuoni. Bahari ilikuwa shwari kama maziwa. Mashua ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, imepakwa rangi mpya, na nahodha alikuwa kijana mcheshi. Nikahesabu watu. Tuliahidiwa kwamba hatutazidi kumi. Tayari walikuwamo 13, nasi sita hatujapanda. Nikauliza majaketi. Yalikuwapo tisa. Nikamwambia kijana yule kwamba hatutakwenda naye ila akigawa watu katika safari mbili. Akacheka, akasema, "Mzee, ni hapo tu, unaona kisiwa kile?" Kisiwa nilikiona. Na Mtongwe pia ng'ambo ilikuwa ikionekana.

Nikaomba fedha zangu. Akasema fedha zimekwisha nunua mafuta. Nikawageukia watoto wangu nikawaambia tunarudi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nilijisikia shujaa. Watoto walilia. Mwanangu wa katikati, ambaye alikuwa ameota kobe wa kisiwani kwa mwezi mzima, alinitazama kwa chuki ambayo sijapata kuiona machoni mwake. Abiria wa mashuani walitutazama kwa kero kwa kuwa tumewachelewesha; mmoja akasema kwamba watu wa bara waogope mito yao. Mke wangu alinong'ona kwamba labda nimezidi. Tulishinda kutwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe bila raha, na jioni tukakaa Forodhani tukila urojo.

Na saa kumi na mbili kasorobo, tukiwa pale pale, tuliiona ile mashua ikirudi, imejaa vile vile, abiria wake wakiimba. Walirudi wote. Hawakupatwa na jambo lolote.

"Unaona, Baba?" akasema mwanangu wa katikati.

Nilikosa jibu, na nakiri kwamba mpaka leo sina jibu la kumridhisha mtoto wa miaka 10. Hili ndilo gumu kuliko yote katika jambo hili. Mzazi anayegeuka gatini, mara 99 katika 100, ataonekana mwoga, na chombo alichokikataa kitarudi kikiimba. Hatapata ushahidi wowote kwamba alifanya sawa. Ushahidi humjia yule tu aliyepanda siku ya mia moja, nao humkuta hana tena wa kumsimulia. Mama yangu peke yake ndiye aliyesema neno usiku ule. Alisema, "Leo ningepanda na wewe." Nami nikaelewa kwamba alikuwa akinisamehe habari za Agosti.

Sasa naugeukia upande wa wakubwa. Kenya ina Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari. Zanzibar nayo ina mamlaka yake. Tuna walinzi wa pwani tangu mwaka 2018. Kanuni za idadi ya abiria na majaketi zipo. Ninaloomba ni jepesi kuliko kununua meli za doria, nalo ni hili: abiria anayekataa kupanda kwa sababu chombo kimezidisha watu, au hakina majaketi ya kutosha, arudishiwe fedha zake zote pale pale gatini, na hilo liandikwe kwa Kiswahili kikubwa kwenye ubao kando ya bei. Mwenye chombo akijua kwamba kila kichwa kinachozidi kinaweza kumfukuzia vichwa sita vilivyolipa, atajifunza hesabu bila kufundishwa na askari. Hivi leo hesabu yake ni nyingine: anajua kwamba aliyekwisha lipa hatoki. Anayajua hayo kwa sababu sisi ndio tuliomzoeza.

Ombi langu la pili ni la majina. Watoto wanaopakatwa hawakatiwi tiketi katika vyombo vingi vidogo, kwa hiyo hawahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutwi. Mimi huandika majina yetu sita katika karatasi mbili pamoja na nambari ya simu ya ndugu yangu aliyebaki Marungu. Moja humwachia mtu wa gatini, hata kama hakuiomba. Wengine huitupa. Haidhuru.

Kwa wenzangu wa Voi, Sagalla, Kasigau na Mwatate ambao wangependa kuanza kwa udogo, Zanzibar si lazima. Nendeni Shimoni, mvuke mkondo mfupi hadi Wasini, kisiwa kisicho na magari, ambako akina mama wa kijiji wametengeneza njia ya mbao ya kupitia juu ya miamba ya matumbawe ya kale iliyobaki nchi kavu. Watoto wataikanyaga sakafu ya bahari bila kulowa. Hifadhi ya Kisite iko mbele yake, na anayetaka kuwaona pomboo na aende huko asubuhi, katika kaskazi, kwa mashua ambayo ameihesabu watu wake.

Mwanangu wa katikati bado ananidai kobe. Nimemwahidi Desemba ijayo, naye ameniandikisha.

Lile jaketi dogo linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, mahali ambapo maji ya karibu zaidi ni yale ya mtungi. Mwenyewe amekua, halimtoshi tena. Juzi jirani yetu alikuja kuliazima, kwa kuwa anampeleka mjukuu wake kwa shangazi yake Lamu, nao watavuka kwa mashua kutoka Mokowe. Alisimama uani akiligeuzageuza, akauliza ule mkanda wa tatu ni wa nini. Mama yangu akainuka kwenye kigoda, akamwita mtoto, akamwonyesha.